Hatua Kumi za Luseni

Kila asubuhi, chai yangu ikiwa bado jikoni, nasikia jina la mtoto wa mdogo wangu likiitwa barabarani. Anayeliita ni kondakta wa haisi ziendazo mjini Shinyanga, na wala hamtafuti mtoto huyo, ambaye siku hizi ni mtu mzima na anaishi Mwanza. Anataja kituo. Kituo chetu kinaitwa kwa Mama fulani, na huyo Mama fulani ni mdogo wangu wa tumbo moja. Jina lenyewe sitaliandika. Limeshaandikwa vya kutosha: kwenye kibao cha duka la dawa, kwenye saluni, kwenye ubavu wa bajaji mbili, na kwenye ramani ya simu, ambako mpangaji mmoja alinionyesha akidhani nitafurahi.

Wanaoitikia wito huo ni manesi, makarani, walimu wa sekondari, mafundi umeme na wasichana wa benki waliovaa raba huku viatu vya kazini viko mkobani. Kabla yao basi la mgodi limeshapita kuwazoa wale wenye vizibao vya kung'aa. Ikifika saa mbili mtaa mzima umeondoka, tunabaki wazee, kuku, wasichana wa kazi na nguo kwenye kamba. Jioni watu wanarudi na mikate yao, wanafunga mageti, wanawasha televisheni. Ukiwauliza kwao ni wapi watakutajia Kahama, Bukoba, Kigoma, hata Moshi. Hapa wanalala tu, na hawajui kwamba wanalala juu ya shamba la karanga.

Nina wivu. Nalisema mapema ili msomaji asihangaike kunitafutia neno la heshima zaidi. Nimeishi na wivu huu miaka mingi kuliko niliyoishi na marehemu mume wangu, na kusema kweli umenitunza vizuri kumshinda, kwa maana haujawahi kulala nje. Nimefundisha darasa la kwanza kwa zaidi ya miaka thelathini. Nusu ya makondakta hao niliwashika mkono nikiwafundisha kuandika a. Lakini mgeni wangu akifika kituoni na kuniulizia, wanamjibu, "Aa, yule dada yake Mama fulani," halafu wanamwonyesha kwa kidole.

Baba yetu hakupata mtoto wa kiume. Kwa Wasukuma wa rika lake hilo lilikuwa jambo zito, na baba zetu wadogo walikuwa wanalizungumza kila walipokuja kumsalimia, wakiutazama ule mteremko wake kama watu wanaopima kitambaa. Baba akawakata maini. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, mdogo wangu anakaribia kuolewa, siku aliyotuamsha akatuambia tuvae viatu tukatembee shambani. Alibeba jembe na mzigo wa matawi ya minyaa, ile ya kupandia uzio. Alisema anagawa akiwa hai, na kwamba mkubwa atachagua kwanza.

Shamba lilikuwa na sehemu mbili. Juu, upande wa barabara, palikuwa na luseni, udongo wa kichanga unaopita vidoleni, ambao hukubali karanga, mihogo na viazi vitamu, basi. Chini palikuwa na mbuga, udongo mweusi mzito, na humo ndimo mlimokuwa na majaruba ya mpunga. Mpunga ukivunwa, unyevu unaobaki unatosha kuotesha dengu bila tone la mvua. Baba aliokota udongo wa kila sehemu, akautemea mate, akauviringisha kiganjani. Wa luseni ulivunjika. Wa mbuga ulikaa kama kidonge. Akatuonyesha vyote viwili.

Mtoto yeyote wa mkulima wa kwetu angejua la kufanya. Nilichagua mbuga hata kabla hajafunga kiganja. Mdogo wangu alibaki amesimama juu ya kichanga chake, miguu imemjaa vumbi, na mimi nikamuuliza kama atakuwa anatafuna mchanga au anaumeza. Alicheka. Hicho ndicho kinachoniudhi mpaka leo, kwamba alicheka kweli, wala si kwa kujikaza. Baba akachimba mstari kati ya mbuga na luseni, akachomeka minyaa, ikashika bila kumwagiliwa kama minyaa inavyoshika, na ule ukawa mpaka.

Miaka iliyofuata ilikuwa yangu. Nilifundisha asubuhi, mchana niko kwenye majaruba, na magunia ya mpunga yalisimama ndani mpaka yakaziba dirisha. Mdogo wangu aliolewa na mchimbaji, akahamia naye Nyarugusu. Huko mumewe alishuka mashimoni, yeye akauza maandazi na uji kwa wachimbaji, na kila mwaka wakati wa mavuno alikuja nyumbani kuomba mchele wa watoto. Nilimpa. Nilimpimia mbele ya watu, nikaongeza bakuli moja juu, nikamwambia asiogope kurudi. Nilipenda kumpa kuliko nilivyompenda yeye, na sioni sababu ya kuificha hiyo.

Alirudi moja kwa moja mumewe alipougua kifua. Dhahabu hakuja nayo. Alikuja na kitu ambacho sikukitambua. Alikuwa ameona kule machimboni jinsi pori linavyogeuka mji kwa msimu mmoja: leo kuna turubai, kesho kuna mama ntilie, keshokutwa mtu anatafuta chumba chenye mlango unaofungwa. Alijua mgeni anataka nini kabla mgeni mwenyewe hajajua. Siku ya tatu tu tangu arudi nilimkuta amefunga kamba kutoka barabarani hadi kwenye minyaa, anang'oa mihogo yake mwenyewe.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Natoa njia."

"Njia ya nani?"

"Ya watakaokuja, dada. Mtu hajengi asipoona lori la mchanga litapita wapi."

Nilikwenda shuleni nikawasimulia walimu wenzangu, tukacheka mpaka kengele ikatupita. Nilisema mdogo wangu anagawa shamba la baba kwa pikipiki. Alitoa njia tatu, pana za kutosha malori mawili kupishana, na kila aliyepita alimwuliza kama ana akili timamu. Kwa miaka miwili hakikupita humo chochote isipokuwa mbuzi.

Halafu akaja nesi mmoja aliyechoka na kodi za Kambarage, kule mjini. Akafuata dereva wa mgodi, aliyetaka familia ikae karibu na mji wakati yeye yuko kambini Geita. Dereva akawaleta wenzake. Umeme ulipopita barabarani hawakuwa wawili watatu tena. Luseni, ule udongo niliouita mchanga wa kutafuna, ulikuwa mgumu chini, haushiki maji, msingi wake hauchezi. Mafundi waliupenda kupita kiasi. Walipochimba walikuwa wanausifu kwa sauti, na mimi nikiwa chini kwenye majaruba nawasikia. Mabati yalianza kung'aa, mekundu, ya bluu, ya kijani, kisha simtenki juu ya vichanja, kisha fensi. Mahali palipokuwa na kichuguu pakafunguliwa duka la dawa. Haisi ilipoanza kusimama, kondakta wa kwanza aliuliza pale panaitwaje, na abiria wakamjibu kwa jina la mwenye njia.

Sikuwa maskini, nisieleweke vibaya. Mpunga ulikuwa bado unatoka. Ila nilikuwa sifurahii tena. Nilivuna huku nimegeuza uso juu. Nikimwona mdogo wangu amesimama na mgeni mwenye suti anamwonyesha mipaka kwa mkono, chakula kilikuwa hakinipiti. Alipojenga vyumba vya kupangisha nilihesabu milango. Alipoweka vigae sebuleni nilikaa wiki mbili bila kwenda kumwona, na nilipokwenda nilitazama dari tu.

Nilipostaafu nilitaka nyumba. Watu wote, mdogo wangu akiwa wa kwanza, waliniambia nijenge juu. "Chagua kiwanja unachokitaka, dada," alisema, "hata cha barabarani." Kama angesema ninunue huenda ningefikiri. Alisema nichague, kwa sauti ileile aliyoitumia baba, na mimi nilishachagua mara moja maishani. Nikamjibu kwamba nina ardhi yangu. Kiinua mgongo changu chote nikakimimina kwenye mbuga.

Fundi alinionya. Nikamwambia afuate ramani. Alichimba msingi wenye kina cha mtu, akajaza mawe, akafunga nondo, na kila alipomaliza hatua alinitazama kama anayetoa pole. Nyumba ilipendeza kwa masika moja. Kiangazi kilipokuja mbuga ikakauka na kupasuka kama kawaida yake, nyufa za kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, na nyumba yangu ikapasuka nayo. Ufa wa kwanza ulianzia juu ya dirisha la sebule. Niliutundikia kalenda. Masika ya pili udongo ukavimba, milango ikagoma kufunga, na ufa ukaipita kalenda kushoto na kulia. Nilianza kulala nikiwa nimeweka kitanda mbali na ukuta.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ninaloliandika sasa kwa mara ya kwanza.

Mdogo wangu alikwenda Masumbwe kwenye msiba wa upande wa mumewe, akakaa wiki tatu. Juu ya ule mpaka wa minyaa wa baba kulikuwa na sehemu ya luseni ambayo hakuwa ameiuza, viazi vimeota humo vyenyewe. Nilikata matawi kwenye minyaa ya baba, nikapanda juu hatua kumi, nikayachomeka mstari mmoja kuanzia mwanzo wa shamba hadi mwisho. Hatua kumi zingetosha nyumba ya vyumba viwili juu ya udongo usiocheza. Aliyeniuliza nilimjibu nazuia mbuzi wa wapangaji wasishuke kwenye mpunga. Aliporudi, mdogo wangu alipita pale, akasimama kidogo, akanisalimia, akaendelea na safari yake. Nikajiambia mtu mwenye milango mingi vile hahesabu minyaa.

Nilingoja. Wivu una subira ambayo sikuwa nayo hata kwa watoto wa darasa la kwanza. Minyaa mipya ilipofika kifuani nikaanza kung'oa ile ya zamani, kidogo kidogo, mchana kweupe wakati mtaa uko kazini. Siku ya pili tawi likavunjika, utomvu ukaniruka jichoni. Anayeujua utomvu wa minyaa haitaji kuelezwa, na asiyeujua amshukuru Mungu. Unaunguza mpaka unasahau una miguu, na watu wamepofuka kwa huo. Nilipiga kelele bila kutaka.

Aliyekuja mbio ni yeye, mdogo wangu, na kikombe cha maziwa ya mbuzi mkononi. Alinilaza kichwa pajani kwake, akanifungua kope kwa vidole, akayamimina polepole, akanipangusa kwa kanga, akamimina tena.

"Ulikuwa unakata minyaa?" aliuliza.

"Nilikuwa natafuta kuni."

Hakuna mwanamke wa kwetu anayepikia mnyaa mbichi. Moshi wake unatoa machozi nyumba nzima. Aliniambia nisilifikiche jicho, akaenda kuleta maziwa mengine. Jicho lilipona baada ya siku nne. Siku ya tano nikamalizia kung'oa.

Wapima walikuja baada ya mvua tatu. Mtaa ulikuwa umeamua kurasimisha viwanja, kila mtu apate hati yake, na utaratibu ulikuwa kwamba majirani wasimame wote wawili mpakani, waonyeshe, wakubaliane, wasaini fomu, ndipo bikoni, lile jiwe la mpaka, izikwe. Walipofika kwetu walikuwa vijana wawili na mjumbe wa mtaa. Mdogo wangu alikuja amevaa kandambili, unga mikononi. Yule kijana mwenye chombo cha kupimia aliniamkia, nikamwitikia marahaba, akaniuliza mpaka uko wapi. Nikanyoosha mkono kwenye minyaa yangu, iliyokuwa sasa imenipita kimo, nene, imefungamana vizuri kuliko hata ile ya marehemu baba.

"Ni huu," nilisema. "Aliupanda baba yetu."

Kijana akamgeukia yeye. "Mama, unakubali?"

Mdogo wangu aliutazama ule uzio kutoka chini hadi juu, halafu akaufuata kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilijiandaa kulia, kuapa, kumtaja marehemu. Nilikuwa nimepanga maneno ya kutosha mahakama mbili.

"Ni hapo alipoonyesha dada," akasema, akafuta unga kwenye kanga, akasaini.

Niliondoka pale nimejaa furaha ya ajabu, chafu, na ninaikumbuka kuliko furaha ya harusi yangu. Nilidhani amesahau. Nilidhani vumbi la Nyarugusu limemfuta kichwani siku ile ya baba, na nikamdharau kwa kusahau. Kwa mara ya kwanza tangu haisi zianze kusimama, nilikuwa na kitu chake ambacho hakunipa.

Nikajenga vyumba viwili na baraza, nikatumia matofali na mabati niliyobomoa kwenye ile nyumba ya mbuga. Havijapasuka hata unywele. Ila hatua kumi ni hatua kumi: mbele mlango unatazama majaruba, nyuma ukifungua dirisha minyaa inaingia ndani. Hakuna uwanja wa kuanikia mpunga. Hakuna pa kufulia. Nikahamia, nikawa na mimi mtu wa juu, jirani wa manesi na makarani, na kondakta akaendelea kuita jina lilelile kila asubuhi, sasa karibu zaidi na mto wangu.

Jumapili moja mwaka huu, baada ya mavuno, nilimwalika chakula cha mchana. Sikumwalika kwa upendo. Nilitaka aone vigae nilivyoweka barazani. Nilipika mchele mpya na samaki, tukakaa kwenye viti vya kukunja, magoti yetu yakikaribia kugusana kwa ufinyu wa mahali. Alisifu wali. Hakuvitaja vigae. Nikaona nimchokoze na jambo jingine, maana mtaa mzima ulikuwa unalizungumza. Juu tu ya minyaa yangu alikuwa na kiwanja kimoja kitupu, kizuri, cha mwisho kabisa katika shamba lake lote, na karani mmoja wa benki alikuwa amekitaka mara mbili na kunyimwa.

"Kile kiwanja unamwekea nani?" nikamuuliza. "Mkuu wa mgodi?"

"Hapana."

"Au unangoja bei ipande mpaka tuhame wote?"

Alikuwa anachambua miba. Na utulivu ule wa mtu mwenye kila kitu ukanipandisha hasira ya miaka yote kwa mkupuo. Nilitaka walau mara moja nimwone ameumia. Nilikuwa na silaha moja tu.

"Hapo ulipokaa ni kwako," nikamwambia. "Mnyaa niliusogeza mimi. Baba hakuupanda hapa. Nimekuibia, na umesaini mwenyewe."

Alitafuna, akameza, akatoa mwiba mdomoni akauweka ukingoni mwa sahani.

"Najua, dada."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu niliporudi toka Masumbwe. Nilikuta udongo mbichi."

"Na mbele ya wapima ukanyamaza."

"Sikunyamaza. Nilisema ni hapo ulipoonyesha." Akanitazama, kwa mashaka kidogo, kama anayeogopa kunikosea. "Na kile cha juu sikukiuza kwa sababu yako. Hatua kumi hazitoshi nyumba na uwanja. Nikasema dada akishajenga ataona pamebana, atausogeza tena. Nimengoja mvua mbili sasa."

Hakuwa ananikejeli. Ningejua, nimemlea. Alikuwa amenitengea nafasi ya kuiba, akamnyima karani wa benki, akawa ananingoja kila masika aone kama matawi yamepanda.

Niliutazama mnyaa. Katika ule mteremko wote, kuanzia barabarani hadi kwenye mpunga, katika yale mabati na njia na jina lililoandikwa kila mahali, nilikuwa nimebakiwa na kitu kimoja cha peke yangu, nacho ni wizi ule. Nilikuwa nimeupanda kwa mikono yangu, nimeulipia kwa jicho, nimeulinda kwa uongo. Kumbe nao alikuwa amenigawia. Nilimwonea wivu pale kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na sikuwa hata na mahali pa kwenda kusimama, maana baraza lilikuwa dogo mno.

Akasukuma sahani yake, akauliza kama kuna ukoko. Ulikuwepo. Nikaingia ndani kuukwangua.